Ng'ombe Asiye na Jina la Ugonjwa: Uhakiki wa Msamiati wa Malale na Nagana katika Kiswahili cha Utafiti na Sera

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati ambao Kiswahili kinautumia kueleza magonjwa yanayosababishwa na vimelea vya tripanosoma na kuenezwa na mbung'o kwa binadamu na kwa mifugo. Hoja kuu ni kwamba jozi ya maneno malale na nagana, ingawa kila neno lina uhalali wake, inaacha pengo mahali ambapo utafiti uliofanywa Kenya na Uganda umeonesha kuwa hatari ipo: kwa ng'ombe aliyebeba kimelea cha malale bila kuonesha dalili yoyote. Uhakiki unajikita katika mambo matatu: majina ya ugonjwa wenyewe, upana wa maana ya neno mdudu, na matumizi ya kitenzi kutokomeza katika taarifa za sera. Mifano mingi imetoka Uganda, nchi pekee yenye aina zote mbili za malale. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza msamiati mdogo unaoweza kutumika kwa pamoja na madaktari wa binadamu, madaktari wa mifugo na watunga sera katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mnamo Desemba 1998 wagonjwa wa malale walianza kugunduliwa katika wilaya ya Soroti, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo aina hiyo ya ugonjwa haikuwa ikijulikana hapo kabla. Utafiti wa Fèvre na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, ulifuatilia chanzo cha mlipuko huo hadi kwenye mnada wa ng'ombe wa Brookes Corner. Hatari ya kuugua ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokaa karibu na mnada huo, na sehemu kubwa ya ng'ombe waliouzwa hapo ilitoka katika maeneo ya kusini ambako malale yalikuwa yamekaa kwa miaka mingi. Watu wa Teso walikuwa wamepoteza mifugo yao kwa wizi wa silaha na kwa vita. Walipotulia walinunua mingine ili waanze upya. Pamoja na mifugo hiyo walinunua ugonjwa bila kujua.

Ng'ombe hao hawakuwa wagonjwa machoni pa mnunuzi. Hawakuwa wamekonda, manyoya yao hayakuwa yamesimama, wala tezi zao hazikuwa lazima zimevimba. Mnunuzi makini aliyewakagua kwa ujuzi wote wa mfugaji angeridhika. Hapa ndipo linapozuka swali linaloongoza uhakiki huu: iwapo afisa wa mifugo angetakiwa kubandika tangazo la Kiswahili kwenye lango la mnada ule, angemwitaje ng'ombe huyo? Akiandika kwamba ana nagana, mfugaji angetazama mnyama na kuona kwamba hana. Akiandika kwamba ana malale, msomaji angeshangaa, kwa kuwa malale ni ugonjwa wa watu. Lugha inayotajwa kila mwaka katika maazimio ya mikutano kama lugha ya maendeleo ya ukanda huu ingemwacha afisa huyo bila neno, katika siku ambayo neno lilihitajika.

Swali hilo lina uzito wa kisera. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini humo. Lugha iliyopewa hadhi hiyo itadaiwa kubeba nyaraka za afya ya mifugo inayovuka mipaka. Ni vyema mzigo huo ukakaguliwa mapema.

2.0 Usuli wa Ugonjwa na wa Utafiti Wake

Tripanosoma ni kimelea cha seli moja kinachoishi katika damu, na baadaye katika mfumo wa fahamu, cha mnyama aliyeumwa na mbung'o mwenye maambukizi. Aina za T. vivax na T. congolense hushambulia mifugo na ndizo zinazosababisha hasara kubwa kwa wafugaji. Kwa kawaida hazimdhuru binadamu. T. brucei ina matawi matatu. T. b. brucei hukaa kwa wanyama tu, kwa sababu damu ya binadamu ina kinga ya asili inayokiua kimelea hicho. T. b. gambiense, ya Afrika Magharibi na ya Kati, huambukiza hasa binadamu na huweza kumkaa mtu kwa miaka. T. b. rhodesiense, ya Afrika Mashariki na Kusini, ina jeni inayokiwezesha kimelea kustahimili kinga ile, humlemaza mgonjwa katika wiki au miezi michache, na hukaa pia kwa wanyamapori na kwa ng'ombe. Nchini Uganda aina ya gambiense imekuwa kaskazini-magharibi, na rhodesiense mashariki.

Historia ya utafiti huu ina jambo ambalo msamiati haukulifuata. Mwaka 1894 David Bruce alitumwa Ubombo, nchi ya Wazulu, kuchunguza ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiitwa nagana, akagundua tripanosoma katika damu yao na akahusisha ugonjwa na mbung'o. Miaka minane baadaye, mwishoni mwa mwaka 1902, Aldo Castellani aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa Entebbe, lakini aliendelea kuamini kwamba kisababishi ni bakteria. Bruce alipofika Entebbe mwaka 1903 alitambua mara moja uzito wa alichokiona Castellani, kwa sababu alikuwa amekwisha kukiona kwa ng'ombe. Yaani, ugonjwa wa watu ulieleweka kwa kupitia ugonjwa wa mifugo. Sayansi ya tripanosoma ilizaliwa ikiwa moja. Yaliyobaki mawili ni majina.

Gharama ya kutazama upande mmoja ilionekana mapema. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 250,000 walikufa katika mlipuko wa Uganda wa mwaka 1900 hadi 1920. Serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa mwambao na visiwa vya Ziwa Victoria ili kuwatenga na mbung'o. Mlipuko huo ulidhaniwa kwa miongo mingi kuwa wa gambiense, ugonjwa wa mtu kwa mtu kupitia kwa mbung'o. Uchambuzi mpya wa kumbukumbu za wakati huo, uliochapishwa mwaka 2004, umeonesha kwamba kasi ya vifo inashabihiana zaidi na rhodesiense. Ikiwa ndivyo, wanyama walikuwa sehemu ya habari hiyo tangu mwanzo.

3.0 Malale na Nagana: Majina Mawili na Pengo Moja

3.1 Misingi ya majina

Malale ni neno lililoundwa kutokana na kitenzi lala. Linataja dalili ambayo kila mtu aliyekaa na mgonjwa huiona: usingizi wa mchana usiozuilika katika hatua ya mwisho. Lugha za jirani zimefuata njia hiyo hiyo. Luganda lina mongoota, linalohusiana na kusinzia. Lingala, katika Kongo, husema ugonjwa wa mpongi, yaani wa usingizi. Na Kifaransa cha utawala wa Kongo kiliuita ugonjwa wa usingizi vivyo hivyo. Nagana, kwa upande wake, limetoka katika Kizulu, likataja unyonge wa mnyama, likachukuliwa na madaktari wa mifugo wa Kizungu na kuenezwa hadi Afrika Mashariki. Kiswahili kimelipokea jinsi lilivyokuja.

Majina yote mawili, basi, yameundwa kwa msingi wa dalili: moja kwa dalili ya mtu, jingine kwa dalili ya ng'ombe. Msingi huo si kosa. Majina mengi ya magonjwa katika Kiswahili yameundwa hivyo na yanahudumia jamii vizuri. Homa ya manjano inataja rangi ya macho ya mgonjwa. Matende yanataja uvimbe. Chikungunya, neno lililoingia katika sayansi ya dunia nzima kutoka Kimakonde baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, linataja kukunjamana kwa mwili wa mgonjwa, na o'nyong'nyong, la Kiacholi, lililoingia baada ya mlipuko wa mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda, linataja kudhoofika kwa viungo. Jina la dalili humsaidia mgonjwa kujitambua na kutafuta tiba.

Tatizo la jina la dalili hujitokeza pale ambapo asiye na dalili ndiye anayeeneza ugonjwa. Hapo jina halimpati. Ng'ombe aliyebeba T. b. rhodesiense mara nyingi huendelea kula, kutoa maziwa na kuvuta plau. Halali, hivyo hana malale. Hakonda, hivyo hana nagana.

3.2 Pale mgawanyo unapofaa

Haki inadai isemwe kwamba mgawanyo wa malale na nagana una manufaa yake. Sehemu kubwa ya nagana husababishwa na vimelea visivyomdhuru mtu, na mfugaji ana haki ya kujua kwamba nyama na maziwa ya ng'ombe wake si hatari kwa sababu hiyo. Vilevile, kwa malale ya gambiense, chanzo kikuu cha maambukizi ni binadamu, na kazi ya kupima watu kijiji kwa kijiji imezaa matunda makubwa. Katika maeneo kama West Nile, kuita malale ugonjwa wa watu ni kusema kweli kwa kiasi cha kutosha. Ingekuwa ni upotoshaji wa aina nyingine kuyaunganisha magonjwa hayo yote chini ya neno moja na kuwatia watu hofu ya mifugo yao.

Kasoro inahusu rhodesiense, na inahusu kipengele kimoja cha rhodesiense. Kwa kuwa ni kasoro ndogo kwa ukubwa wa msamiati, imekuwa rahisi kupuuzwa.

3.3 Maarifa yaliyotangulia neno

Kwamba wanyama wanabeba kimelea cha malale halikuwa jambo jipya mwaka 1998. Mwaka 1958 Heisch na wenzake walitenga T. rhodesiense kutoka kwa pongo nchini Kenya. Mwaka 1966 Onyango, van Hoeve na de Raadt, waliokuwa wakifanya utafiti kupitia taasisi ya utafiti wa tripanosoma ya Afrika Mashariki iliyokuwa Tororo, walichapisha ushahidi kutoka Alego, Nyanza ya Kati, kwamba ng'ombe wa kufugwa wanaweza kuwa wabebaji. Kati ya Alego na Soroti kuna miaka thelathini na miwili. Katika kipindi hicho chote maarifa yalikuwamo katika majarida ya Kiingereza, na Kiswahili kilikuwa lugha ya minada, ya madereva wa malori ya ng'ombe na ya askari wa barabarani katika sehemu kubwa ya njia wanazopitishwa mifugo. Hakuna aliyeona haja ya kuyapatia maarifa hayo neno la kusafiria.

Watafsiri waliojaribu kulieleza wazo la mnyama anayetunza kimelea wameegemea maneno kama hifadhi na hazina. Yote mawili yana kasoro. Hifadhi, katika Kiswahili cha leo, kwanza ni mahali pa wanyamapori panapolindwa na serikali, na pili ni tendo jema la kulinda. Sentensi isemayo kwamba ng'ombe ni hifadhi ya malale inaweza kueleweka kinyume: kwamba ng'ombe anamlinda mtu. Tena, kwa kuwa baadhi ya hifadhi za taifa kweli zina mbung'o na wanyama wenye tripanosoma, maana mbili zinagongana katika aya moja. Hazina nayo ni akiba ya thamani. Maneno hayo yametafsiri taswira ya Kiingereza na kuliacha wazo lenyewe nyuma.

Itapingwa kwamba maneno hayakuleta malale Soroti. Yaliletwa na biashara isiyodhibitiwa na uhaba wa dawa. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini linasaidia hoja. Mwenye ng'ombe asiye na dalili hapati faida ya haraka kwa kumtibu, na idara ya mifugo inayopima mafanikio kwa kilo na lita haimhesabu mnyama huyo miongoni mwa wagonjwa. Idara ya afya ya binadamu nayo haina mamlaka juu ya mnada. Ng'ombe huyo amekaa katika ufa uliopo kati ya wizara mbili. Uganda ilitambua ufa huo katika muundo wa utawala: tangu mwaka 1992 ina ofisi maalumu ya kuratibu udhibiti wa tripanosoma inayozikutanisha wizara husika. Muundo uliunganishwa; msamiati wa Kiswahili umebaki katika ufa ule ule.

4.0 Mdudu: Neno Moja, Viumbe Wawili

Jambo la pili linahusu neno la kawaida kuliko yote katika eneo hili. Mdudu, kwa maana ya kamusi, ni kiumbe kama nzi, mbu au siafu. Kwa maana ya mazungumzo ya hospitali na nyumbani, ni pia kijidudu kisichoonekana kwa macho. Mgonjwa anayetoka maabara husema kwamba amekutwa na wadudu wawili au watatu wa malaria, na hakuna anayedhani kwamba ana mbu ndani ya damu. Muktadha unatosha.

Muktadha hautoshi kwa ugonjwa ambao udhibiti wake unadai kumwua mdudu wa aina zote mbili kwa njia mbili tofauti juu ya mwili wa mnyama mmoja. Kampeni iliyoanzishwa nchini Uganda mwaka 2006 kwa ushirikiano wa serikali, Chuo Kikuu cha Makerere, Chuo Kikuu cha Edinburgh na washirika wa sekta binafsi ilifanya hivyo hasa. Malale ya rhodesiense yalikuwa yamesogea kaskazini hadi Kaberamaido na Dokolo, na ilihofiwa kwamba yangekutana na eneo la gambiense. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa dawa za aina hizo mbili zilikuwa tofauti, na mgonjwa asiyejulikana ana aina gani angeweza kupewa tiba isiyomfaa. Ng'ombe walidungwa sindano ya dawa ya kuua tripanosoma katika damu, kisha wakanyunyiziwa kiuatilifu cha kuua mbung'o. Utafiti ulikuwa umeonesha kwamba mbung'o hupendelea kuuma miguu na tumbo la ng'ombe wakubwa, hivyo kunyunyizia sehemu hizo pekee kulipunguza gharama kiasi cha mfugaji mdogo kuimudu.

Kazi hizo mbili hazifanani kwa muda wala kwa lengo. Sindano humsafisha ng'ombe aliyekwisha kuambukizwa, lakini haizuii maambukizi mapya kwa muda mrefu. Unyunyiziaji huua mbung'o atakayetua, lakini hauondoi kimelea kilichomo mwilini, na hudai kurudiwa mara kwa mara. Mafanikio ya kudumu yalitegemea wafugaji waendelee kunyunyizia kwa fedha zao baada ya awamu ya sindano kwisha. Katika Kiswahili cha kawaida kazi zote mbili huelezwa kwa sentensi moja: ng'ombe amepigwa dawa ya wadudu. Mfugaji ambaye ng'ombe wake walidungwa ana kila sababu ya kilugha ya kuamini kwamba wadudu wamekwisha. Atakayemwambia mwezi unaofuata kwamba anatakiwa kununua dawa ya wadudu ataonekana mfanyabiashara tu.

Neno kimelea lipo na linatosha kutenganisha. Hata hivyo, katika maandishi mengi ya elimu ya afya linatumika kwa ulegevu kwa bakteria, virusi na protozoa kwa pamoja, na katika aya ile ile mwandishi hurejea mdudu ili aeleweke na wengi. Nia ni njema. Matokeo ni kwamba tofauti iliyowekwa katika sentensi ya kwanza inafutwa katika sentensi ya tatu.

Jina la kampeni yenyewe linastahili kutajwa. Kwa Kiingereza liliahidi kuufuta ugonjwa wa usingizi, jina linalomtaja mtu anayelala, ilhali kazi yote ilikuwa juu ya ng'ombe asiyelala. Tafsiri yoyote ya Kiswahili yenye neno malale peke yake inarithi kasoro hiyo.

5.0 Kutokomeza: Kitenzi Kimoja, Hatua Tatu

Jambo la tatu linawahusu moja kwa moja washauri wa sera. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeondoa malale ya gambiense kama tatizo la afya ya jamii, na mwaka huo huo likaithibitishia Rwanda hali hiyo kwa rhodesiense. Kenya ilithibitishwa Agosti 2025. Haya ni mafanikio makubwa ya kizazi kizima cha wataalamu wa Kiafrika, na yanastahili kutangazwa kwa Kiswahili kizuri.

Kitenzi ambacho mwandishi wa Kiswahili hukifikia kwanza katika tangazo kama hilo ni kutokomeza. Kitenzi hicho kina nguvu; kinamaanisha kufanya kitu kipotee kabisa. Kinafaa kwa ndui, iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Kinafaa kwa sotoka, iliyotangazwa mwaka 2011, ambayo ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufikishwa hapo. Kinafaa pia kwa mbung'o wa Unguja, aliyeondolewa kisiwani mwaka 1997 baada ya mamilioni ya mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi kuachiwa hewani. Katika mifano hiyo mitatu hakuna kilichobaki katika mazingira: hakuna kirusi kinachoenea, hakuna mbung'o kisiwani.

Kuthibitishwa kwa nchi kuhusu malale kuna maana tofauti. Kigezo chake ni kwamba katika kila wilaya ya afya, wastani wa wagonjwa kwa miaka mitano uwe chini ya mmoja kwa kila watu 10,000 kwa mwaka. Chini ya kigezo hicho bado wagonjwa wanaweza kuwapo. Juu ya kiwango hicho kuna hatua nyingine, ya kukata maambukizi kabisa, ambayo dunia imejiwekea kuifikia kwa gambiense ifikapo mwaka 2030. Na juu ya hiyo kuna kutokomea kwa kimelea chenyewe. Kwa rhodesiense hatua hiyo ya mwisho haitarajiwi, kwa sababu kimelea kinaishi kwa wanyamapori ambao hakuna anayeweza kuwadunga sindano wote.

Hatua tatu zinapotamkwa kwa kitenzi kimoja, athari zake huonekana katika bajeti. Kamati ya fedha inayosoma kwamba malale yametokomezwa ina haki ya kuuliza kwa nini idara inaomba fedha za mitego ya mbung'o na za ukaguzi wa minada. Mtaalamu atajibu kwamba maana yake sivyo. Lakini atakuwa anajitetea dhidi ya taarifa ya idara yake mwenyewe. Mganga wa zahanati naye, akiamini kwamba ugonjwa haupo, hatamfikiria mgonjwa mwenye homa isiyosikia dawa ya malaria kuwa na malale. Jambo hilo linahuzunisha zaidi sasa, kwa kuwa tiba imekuwa bora. Kwa miongo mingi malale ya rhodesiense yaliyofika kwenye ubongo yalitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliwaua takriban wagonjwa watano kwa kila mia. Feksinidazoli, kidonge cha kumeza, kiliyofanyiwa majaribio Malawi na Uganda kwa aina hiyo, kilipata kibali cha wataalamu wa dawa wa Ulaya mwishoni mwa mwaka 2023. Dawa nzuri haimfai mgonjwa ambaye hakuna anayemshuku.

6.0 Mapendekezo

Uhakiki usiotoa njia mbadala humwachia mtumiaji lawama bila zana. Mapendekezo yafuatayo yamewekwa machache kwa makusudi, na yanatumia maneno ambayo tayari yako vinywani mwa watu.

Kwanza, maneno malale na nagana yaendelee, lakini juu yake liwepo jina la jumla. Magonjwa ya mbung'o linafaa: linataja kinachoyaunganisha na linaeleweka papo hapo. Katika maandishi ya kitaalamu tripanosomiasi ibaki kuwa istilahi rasmi. Jina ugonjwa wa ndorobo, linalotumika sana Tanzania kwa nagana, ni zuri kwa matumizi ya ndani. Katika nyaraka za kikanda, hata hivyo, lina mgogoro, kwa kuwa ndorobo limetumika pia kama jina la dharau kwa jamii zisizo na ng'ombe. Mbung'o halina mzigo huo.

Pili, majukumu matatu yatenganishwe kwa maneno matatu yasiyobadilishana: kimelea ndicho kinachougua mwili, mwenezi ndiye mbung'o, mbebaji ndiye mnyama, au mtu, anayekaa na kimelea bila dalili. Mbebaji ni neno jepesi, halina sifa ya kulinda wala ya utajiri, na linaweza kuunganishwa: ng'ombe mbebaji, pongo mbebaji. Katika maandishi ya udhibiti wa magonjwa haya, mdudu liachwe kwa viumbe wanaoonekana.

Tatu, kamusi zijazo zipanue fasili ya malale ili imtaje mnyama. Fasili ya namna hii ingetosha: ugonjwa wa binadamu unaosababishwa na tripanosoma na kuenezwa na mbung'o, ambao kimelea chake katika Afrika Mashariki hubebwa pia na ng'ombe na wanyamapori wasioonesha dalili. Ni maneno machache zaidi ya fasili ya mazoea, na yanabeba matokeo ya Alego ya mwaka 1966.

Nne, kutokomeza kihifadhiwe kwa kutokuwapo kabisa. Kwa hatua ya kwanza isemwe kushusha ugonjwa chini ya kiwango cha tishio. Kwa hatua ya pili, kukata maambukizi. Taarifa ya serikali itapungua mvuto kidogo, na itaongezeka ukweli.

Tano, istilahi za magonjwa yanayowahusu binadamu na wanyama ziandaliwe katika meza moja. Hadi sasa istilahi za tiba na za mifugo zimetayarishwa katika kazi tofauti, na dhana ya Afya Moja haiwezi kukaa katika kamusi zisizosomana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina mamlaka ya kikanda yanayofaa kuikutanisha meza hiyo, na magonjwa ya mbung'o ni mwanzo mzuri kwa sababu nchi zote wanachama wa ukanda wa maziwa yanazihusu.

7.0 Hitimisho

Kipimo cha mapendekezo haya ni lile tangazo la mnadani. Kwa msamiati uliopendekezwa, afisa wa mifugo angeweza kuandika: Ng'ombe mzima anaweza kuwa mbebaji wa malale. Sindano huua kimelea kilichomo katika damu yake leo. Dawa ya miguuni na tumboni huua mbung'o atakayemwuma kesho. Moja halichukui nafasi ya jingine.

Sentensi hizo nne hazina neno geni hata moja. Zingeweza kuandikwa mwaka 1998, na hata mwaka 1966, kama mtu angezidai. Kiswahili hakikukosa maneno. Kilikosa mtu wa kuyapanga, kwa kuwa walioujua ugonjwa waliandika kwa lugha nyingine, na walioijua lugha hawakuulizwa kuhusu ng'ombe. Minada bado inaendelea, na ng'ombe bado wanavuka mipaka kwa malori na kwa miguu. Mwanaisimu anayetafuta mahali ambapo kazi yake inagusa uhai wa mtu anaweza kuanzia langoni mwa mnada.